Marobota Tisa na Mikato Miwili

Asubuhi moja ya Aprili niliingia ofisini nikakuta barua pepe tatu za mnunuzi mmoja, zote kaziandika usiku. Ya kwanza inauliza. Ya pili inalalamika. Ya tatu nakala yake imekwenda kwa watu wa bima.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya wakala wa mizigo karibu na bandari ya Tanga. Ofisi yenyewe siitaji kwa sababu bado naamkiana na watu wake. Miaka ile meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, mzigo unapelekwa huko kwa matishari, na mvua ya masika ikikukuta na mzigo gatini huna pa kukimbilia. Tulikuwa na marobota 80 ya mkonge, kila moja kilo 250. Tisa yakaloa. Yale 71 yaliyobaki yalikuwa chini ya turubai, makavu kama yalivyotoka shambani. Nikaambiwa nimwandikie mnunuzi kwamba yaliyoloa hatutayapakia. Hayo mengine niliona yanajieleza yenyewe. Nikaandika hivi: "The bales, which got wet in the rain, will not be loaded."

Tahajia iko sawa. Herufi kubwa ipo mwanzoni, nukta ipo mwishoni. Bosi aliisoma kabla haijaondoka akasema safi sana. Lakini mnunuzi alipoifungua huko kwao alielewa kwamba marobota yote 80 yameloa na halipakiwi hata moja. Wala hakukosea yeye. Ndivyo nilivyomwandikia.

Bosi alipiga simu, akacheka na yule bwana, mambo yakaisha kwa dakika kumi. Alipoweka simu chini kicheko kilikuwa kimekwisha. "We dada," akaniambia, "koma zako zitatufilisi."

Jioni ile sikwenda nyumbani. Nilikwenda Ngamiani kwa mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Yeye alianza ukarani wa mkonge akiwa kijana, kabla mashamba hayajataifishwa mwaka 1967, na alistaafu akiwa bado anapiga taipu bila kutazama vidole. Barua za kwenda London zilipita mikononi mwake miaka mingi. Huniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona uso wa msibani? Kafa nani?"

"Koma."

Nikamwonyesha sentensi kwenye simu. Akaisoma, akairudia, akaniuliza nilikuwa nafikiri nini nilipoweka ile mikato miwili. Nikamjibu ukweli: nilikuwa napumua. Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia msuli.

Lakini ndivyo nilivyofundishwa. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo kama masomo mengine. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza kwa siku moja. Alama za uandishi tulipewa kipindi kimoja. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba koma ni kupumua na fulu stopu ni kupumzika, kengele ikalia, na mpaka namaliza kidato cha nne sikusikia tena habari zake. Simlaumu. Darasa lilikuwa na watoto wengi na yeye mwenyewe bila shaka alipewa hivyo hivyo.

Mjomba hakukubali kwamba kanuni ile ni upuuzi mtupu. Yeye ni mtu wa mashairi, na katika shairi la mizani kumi na sita mkato unakaa baada ya mizani ya nane, pale pale mwimbaji anapovuta pumzi. Huo ni mkato wa pumzi kwelikweli. Tumelelewa nao, tumeusikia kwenye kaswida na kwenye taarabu kabla hatujajua kusoma, kwa hiyo tunapoandika lugha yoyote sikio linaudai. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hata wenye alama zao walianza hivyo. Aristofane wa Bizanti, mkutubi wa Aleksandria karibu miaka 200 kabla ya Kristo, aliweka vitone kwenye maandishi ya Kigiriki ili msomaji ajue apumzike kidogo wapi na apumzike sana wapi. Jina lenyewe la koma kwa Kigiriki lina maana ya kipande kilichokatwa. Nasi tunauita mkato. Sijui kama waliotunga neno letu walikuwa wanatazama huko, ila nilipoligundua hilo nilifurahi peke yangu kama niliyeokota hela.

Kiingereza cha leo kimeshaondoka huko. Koma yake inaangalia maana, na mapafu yako hayaihusu.

Mjomba alichukua bahasha tupu, akaiandika sentensi yangu kwa herufi kubwakubwa, kisha akaweka kidole gumba juu ya maneno yaliyokaa kati ya mikato miwili, yakafichika yote. "Soma yaliyobaki."

Nikasoma: "The bales will not be loaded."

"Ndicho ulichotaka kumwambia mzungu wa watu?"

"Hapana."

"Basi hizo koma huna haki nazo."

Alinieleza kwamba mikato miwili ya namna ile ni kama mishikio miwili ya kikapu. Ukiyazungushia maneno, unamwambia msomaji: hiki kikapu nyanyua ukiweke pembeni, safari itaendelea bila chenyewe. Sasa mimi nilikuwa nimetia kwenye kikapu neno lile lile lililokuwa linachagua marobota gani. Ukiondoa mikato, "The bales which got wet will not be loaded", habari ya kuloa inabaki imeshikamana na marobota, na kila mtu anaelewa kwamba yako mengine hayakuloa. Tangu siku hiyo sijaandika "which" wala "who" bila kuweka kidole gumba kwenye kioo cha kompyuta. Vijana wa ofisini walidhani nafuta vumbi.

Kilichoniuma ni kwamba kwa Kiswahili nisingekosea kamwe. Marobota yaliyoloa hayatapakiwa. Ile "yaliyo" imekaa tumboni mwa kitenzi, huwezi kuitenga na mkato hata ukitaka. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tatizo langu halikuwa Kiingereza kuwa kigumu. Nilikuwa nakiandika kwa mwili wa Kiswahili.

Nikaanza kumpelekea barua zangu za zamani, kila Alhamisi, pamoja na kashata. Moja ilikuwa na sentensi hii, na naomba uisome pole pole: "The lorry arrived yesterday, we offloaded the cargo, the rain started, we covered it, the inspector came late, he refused to sign."

Mjomba alihesabu kwa kalamu. Vitenzi sita vyenye watendaji wao, vimepangwa foleni, katikati hakuna kitu ila koma. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," akasema. Kisha akanitaka niiseme habari ile ile kwa Kiswahili. Nikasema: lori lilifika jana, tukashusha mzigo, mvua ikaanza, tukaufunika, mkaguzi akachelewa kuja, akakataa kusaini.

"Umeisikia?" akaniuliza.

Sikuisikia. Ikabidi niirudie mara tatu ndipo niliposikia: ka, ka, ka, ka, ka. Tukashusha, ikaanza, tukaufunika, akachelewa, akakataa. Kiswahili kinatembea na kamba yake, alisema mjomba, na hiyo "ka" ndiyo kamba. Kila kitenzi kinakuja kimeshafungwa kwa kile kilichotangulia. Ndiyo maana tunaweza kusimulia kuanzia Chumbageni mpaka Raskazone kwa sentensi moja na msikilizaji asipotee. Kiingereza hakina "ka". "Arrived", "offloaded", "started", kila kimoja kimesimama peke yake kama robota lisilofungwa. Mimi nilikuwa naweka koma nikidhani ni kamba, na koma haina nguvu hiyo. Walimu wengi wa Kiingereza wanalihesabu hili kuwa kosa, na wanalikata kwa wino mwekundu.

Kamba za Kiingereza ziko nje ya kitenzi: "and", "but", "so", "when", "because". Unazitafuta, unazileta. Na usipokuwa na kamba, weka nukta uanze upya. Mjomba alipenda nukta. Alikuwa kijana wakati wa telegramu, na telegramu ililipiwa kwa neno. Nukta zilitamkwa na kuandikwa kama neno, STOP, na neno hilo nalo lilihesabiwa. Alisema mtu akishalipia nukta kwa shilingi yake huwa haiweki ovyo, na wala hasahau kuiweka pale ambapo ikikosekana mzigo utakwenda bandari nyingine. Sasa nukta ni za bure na watu wanazionea choyo.

Tukaiandika upya ile ya lori. "The lorry arrived yesterday and we offloaded the cargo. When the rain started, we covered it. The inspector came late and refused to sign." Nikaona nimeshahitimu. Mjomba akaweka kalamu juu ya "it".

"Mlifunika nini? Lori au mzigo?"

Mzigo, bila shaka. Lakini bila shaka hiyo ilikuwa yangu. Kwa Kiswahili nimesema tukaufunika, na ile "u" inakwenda moja kwa moja kwa mzigo. Lingekuwa lori ningesema tukalifunika. Ngeli ambazo wanafunzi wa kigeni wanazilalamikia mpaka machozi yanawatoka, kumbe sisi zinatufanyia kazi ya polisi wa barabarani mchana kutwa. "It" haina ngeli. Inamkamata yeyote aliye karibu. Dawa yake ni kurudia jina: "we covered the cargo". Shuleni niliambiwa kurudia neno ni umaskini wa msamiati. Kwenye barua ya mzigo, rudia. Ukisema "cargo" mara nne hakuna mnunuzi atakayekudharau, lakini ukisema "it" mara nne atakuuliza swali, na jibu lake litakuja kesho, na meli inaondoka leo.

Kuna mambo mengine yalipita haraka. Mtendaji wa kujirudia, kwa mfano: "The manager he is not in." Hiyo "he" ni ile "ha" ya meneja hayupo, imevuka mpaka bila pasi. Nilipoijua ilikoma wiki ile ile. Halafu ritifaa. Sisi ritifaa ni ya sauti, inatenga ng'ombe na ngoma, basi. Kiingereza kinaitumia kuonyesha herufi zilizomezwa na pia kuonyesha umiliki, ila "its" ya umiliki inakwenda bila kitu. Hili sikulielewa kwa maelezo yoyote. Nililielewa mjomba aliponiambia kila nikitaka kuandika "it's" niisome kwa sauti "it is", na ikisikika ujinga niitoe ritifaa. Inatosha, hakuna haja ya kitabu.

Na ule mwanzo wetu wa barua! Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi nilikuwa naupeleka mzima mzima Ulaya, kila barua: "Refer to the heading above." Mnunuzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa adabu kama kuna kiambatanisho amekikosa. Mjomba alisema kichwa cha habari kina macho, kitahusika chenyewe. Wewe anza na jambo. Hapa tulibishana. Kwa Kiswahili bado nauandika, kwa sababu kuna wakubwa ambao barua isiyo nao wanaiona imeingia ndani na viatu.

Nukta ilinitia aibu mara moja zaidi, safari hii kwenye tarakimu. Mnunuzi wa Italia aliandika kwamba anasubiri "20.000 kg". Kijana mwenzangu akapiga kelele ofisi nzima: jamaa anataka kilo ishirini! Nami nilicheka. Wenzetu wa nchi nyingi za Ulaya bara wanatenga maelfu kwa nukta na sehemu za desimali kwa mkato, kinyume cha sisi tuliofuata Waingereza. Tani 20 ndizo alizotaka, yaani yale yale marobota 80. Tangu hapo kwenye barua ya kwanza kwa mnunuzi mpya naandika uzito kwa tani na idadi ya marobota kwa pamoja, ili kimoja kikichanganya kingine kiokoe.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na kesi ya Marekani nikamkimbilia mjomba nayo kama mtoto aliyeshinda bahati nasibu. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, katika jimbo la Maine, waliidai kampuni malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilikuwa imeorodhesha kazi za vyakula ambazo hazina malipo hayo: kusindika, kukausha, kuhifadhi na nyinginezo, kisha mwishoni "packing for shipment or distribution". Kabla ya "or" hakukuwa na koma. Je, maneno hayo ni kazi mbili, kufungasha na kusambaza? Au ni kazi moja tu, kufungasha, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza? Madereva walikuwa wanasambaza maziwa, hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema sheria haieleweki upande gani, na kwa kutokueleweka huko madereva wakapata ushindi. Mwaka uliofuata wakamalizana kwa dola milioni 5. Wabunge wa Maine nao wakaiandika upya orodha ile, kila kazi ikatengwa na nuktamkato, alama iliyochapwa mara ya kwanza na Aldus Manutius huko Venice miaka ya 1490.

Nilitarajia mjomba ashangae zile dola. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Aliyeipiga taipu hiyo sheria alipumua wapi?"

Nuktamkato mwenyewe hakunipa ruhusa ya kuitumia. Alisema ni ya wabunge na ya watu wenye muda. Humu sijaitumia hata mara moja, na najua atahesabu.

Macho yake yalianza kufifia, Alhamisi zikageuka: mimi nasoma, yeye anasikiliza. Haikutosha kusoma maneno, alitaka nimtajie kila alama. Wapita njia waliokuwa wanakwenda kuswali magharibi walimsikia binti mzima barazani anasema "The lorry arrived nukta", wakatikisa vichwa. Lakini kusoma hivyo kulinifundisha kuliko kalamu yake. Ukiitamka nukta huwezi kuidanganya. Sentensi ikifika maneno thelathini hujaitaja, ulimi wenyewe unaanza kuitafuta.

Msimu mmoja tulipakia tena marobota, yule yule mnunuzi wa barua tatu. Manne kamba zilikatika kwenye ghala. Nikaandika barua kabla ya chakula cha mchana, nikaitia kidole gumba, nikahesabu vitenzi, nikaipeleka bila kumwonyesha bosi: "Seventy-six bales were loaded today. Four bales had broken ropes. We kept those four bales in the store and will send them on the next ship."

Jibu lilikuja kabla kahawa haijapoa. Jioni nikalipeleka Ngamiani kama zawadi. Mjomba akaegemea ukuta, akafumba macho, nikamsomea barua yangu na alama zake zote. Akaitikia kwa kichwa kila nukta. Hakusahihisha kitu.

"Na yeye kajibuje?"

"Kasema: Clear nukta. Thank you nukta."

"Hiyo ya kwanza, kitenzi kiko wapi?"

"Hakipo, mjomba."

"Mrudishie aandike upya."